Shangazi, binti yangu kila mchezo analala akisubiri kuokolewa

Shangazi, shikamoo.

Nina watoto wawili, wa kike ana miaka mitano na wa kiume ana minane. Binti anapenda filamu za katuni za ngano, zile zenye kasri, mama wa kambo na mwana wa mfalme. Filamu moja anaweza kuirudia mara nne kwa wiki. Mwanzoni niliona ni burudani tu, lakini sasa kuna mambo matatu yananikosesha raha.

La kwanza, michezo yake yote ina mwisho mmoja. Analala kwenye zulia, anafumba macho na kumwita kaka yake aje kumwokoa. Kaka akikataa, mchezo umeishia hapo, haamki mwenyewe. La pili, akivaa nguo yoyote lazima aulize kwanza kama amependeza, na kukimbia hataki, eti "binti mfalme hakimbii". La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Bibi yake ana mvi, anatembea kwa mkongojo na ana chunjua karibu na pua. Juzi mtoto alimwuliza mbele ya watu: "Bibi, wewe ni mchawi?" Bibi alicheka. Mimi sikucheka.

Baba yao anasema nakuza mambo, katuni ni katuni. Nilizificha filamu zile wiki mbili, nikaambulia vilio na hamu iliyozidi. Nikajaribu kukaa naye na kumweleza, kila baada ya dakika chache, kwamba mwanamke hana haja ya kumngoja mtu. Sasa akiniona naketi ananiambia, "Mama nyamaza, nasikiliza." Kaka yake naye anasema hizo ni za wasichana, anaondoka sebuleni.

Nizipige marufuku? Nimtafutie za wasichana wenye mapanga? Au naogopa kivuli tu?

Mama wa wawili

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Huogopi kivuli, ila nahisi hasira zako zimeelekea kwenye gauni na taji, na gauni halina kosa. Mtoto wa miaka mitano yuko katika umri ambao watoto hushika sheria za "hiki cha wasichana, hiki cha wavulana" kwa ukali kuliko wakati mwingine wowote. Kwa wengi ukali huo huanza kulegea kwenye miaka saba hivi. Ndiyo maana "binti mfalme hakimbii" anaitamka kama amri. Hajaitunga mwenyewe. Ameiokota kidogo kidogo, mara nne kwa wiki, kutokana na nani anasema, nani anatenda, nani anasifiwa kwa lipi, na mwanamke mwenye nguvu kapewa sura gani.

Chukua Sleeping Beauty, filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1959. Shujaa wake, Aurora, anapoambiwa kuwa yeye ni binti wa mfalme, analia, na kuanzia hapo hasemi neno hata moja mpaka filamu inakwisha. Anachomwa kidole, analazwa, anaamshwa, anacheza dansi na mwana wa mfalme Phillip, yote hayo kimya. Filamu inaitwa kwa jina la usingizi wake. Kwa hiyo binti yako akijinyoosha kwenye zulia na kugoma kuamka, haigizi vibaya. Ameitazama kwa makini kuliko baba yake.

Sasa hili la mapanga. Mwaka 2016 wanaisimu wawili wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walihesabu maneno yanayosemwa katika filamu za mabinti wa mfalme za Disney. Matokeo yao huwashangaza wengi. Katika zile za zamani ambazo tunazilaumu kila siku, wanawake walisema sana: karibu nusu ya maneno katika Snow White ya 1937, asilimia 60 katika Cinderella ya 1950, na asilimia 71 katika hiyo hiyo ya Aurora aliyelala, kwa sababu wanaoiendesha hadithi ni wale wazee watatu wa kimiujiza na adui yao, wote wanawake. Halafu wakaja wasichana jasiri, na wanaume wakatawala mazungumzo. Wanaume wanasema asilimia 68 ya maneno katika The Little Mermaid (1989), asilimia 90 katika Aladdin (1992), na asilimia 77 katika Mulan (1998), ambamo msichana ndiye anayeshika upanga na kuiokoa China.

Inakuwaje? Msichana hubadilishwa, walimwengu wanaomzunguka wakaachwa walivyo. Rafiki mcheshi ni wa kiume, kaa ni wa kiume, joka dogo ni la kiume, na mwenye duka, mlinzi wa lango na jirani anayepita vilevile, kwa kuwa mwandishi akikosa sababu ya kumfanya mtu awe mwanamke, anamfanya mwanamume. Mtoto anajifunza kwamba msichana hodari yupo, lakini ni mmoja, na yuko peke yake. Basi ukitafuta filamu nyingine, usichague kwa silaha. Angalia kama shujaa ana mama aliye hai, dada au rafiki wa kike anayezungumza naye juu ya jambo lolote zaidi ya kuolewa. Brave ya 2012, ambayo mgogoro wake wote ni wa mama na binti, ilifika asilimia 74 ya maneno ya wanawake. Frozen ya 2013, ingawa mashujaa wake ni dada wawili, iliishia 41. Bango halikuambii haya.

Kuna hesabu moja zaidi ya wanaisimu hao, nayo inahusu lile swali la "nimependeza?". Katika filamu za kwanza, asilimia 55 ya sifa walizopewa wanawake zilikuwa za sura, na 11 tu za uwezo au kazi waliyoifanya. Katika zile za karibuni mambo yamegeuka: 22 za sura, 40 za uwezo. Kwa hiyo mwaka wa filamu una maana, na filamu anayoirudia mara nne ina maana kuliko zote ulizonazo nyumbani.

Kabla hamjaitazama tena pamoja, itazame peke yako ukiwa na karatasi. Huhitaji kuimaliza. Dakika kumi za mwanzo, tano za pale balaa linapozuka, na kumi za mwisho zinatosha. Gawa karatasi safu nne. Ya kwanza ni zamu za kusema: kila mtu anapoanza kusema, mpigie kijistari kimoja, aseme neno moja au ishirini. Wanyama wanaosema wahesabu kwa sauti zao. Nyimbo ziandike pembeni, usizichanganye na zamu, maana hapa ndipo watu hukosea: shujaa wa kike mara nyingi huimba sana na kusema kidogo, na ukichanganya unapata picha kwamba ana sauti kubwa. Wimbo unaonyesha anachotamani. Kinachofuata baada yake huamuliwa kwa maneno ya wengine. Safu ya pili ni vitendo vinavyogeuza hali: mlango unafunguka, siri inafichuka, adui anaanguka. Andika nani kafanya. Ya tatu ni sifa, na mbele ya kila moja weka S kwa sura au K kwa kazi. Ya nne ni wanawake wenye mamlaka: umri, umbo, rangi za nguo, na mwisho wao.

Karatasi hiyo si ya kumsomea mtoto, tafadhali. Ni ya kukuonyesha mahali pawili pa kusimamisha picha. Pawili, basi.

Nasema hivyo kwa sababu ulichofanya, kukaa naye na kueleza, kimewahi kupimwa. Mtafiti Sarah Coyne na wenzake walifuatilia watoto 198 wa umri wa chekechea kwa mwaka mmoja na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Waliozama zaidi katika filamu na vitu vya mabinti wa mfalme walionekana, mwaka mmoja baadaye, kushika zaidi tabia zinazohesabiwa kuwa za kike. Hilo lilitarajiwa. Lisilotarajiwa ni kwamba pale wazazi walipokuwa wakizungumza nao kuhusu filamu hizo, uhusiano huo haukupungua. Uliongezeka, kwa wasichana na kwa wavulana. Ukifikiri kidogo utaona jinsi inavyoweza kuwa hivyo: mzazi akiketi na kusema "ona gauni lake", anaongeza muhuri wake juu ya picha. Na mzazi anayehubiri kila baada ya dakika tatu anamwonyesha mtoto kwamba jambo hili ni zito mno, kisha anamharibia utamu, na mtoto anaulinda utamu wake. Ndipo unapoambiwa "Mama nyamaza". Alikuwa na haki.

Fanya hivi. Mara ya kwanza ya wiki aitazame yote bila neno lako. Mara ya pili shika rimoti, na usimamishe kabla tukio halijatokea. Ukisubiri litokee ndipo uulize, filamu imeshampa jibu na swali lako linakuwa la mtihani. Uliza swali moja la "angeweza", si la "je, ni vizuri?". Kisha nyamaza mpaka mtoto ajibu, hata ukimya ukikuwasha.

Tuseme ni Ariel, yule nguva wa miaka 16 wa The Little Mermaid, mbele ya mkataba wa Ursula, mchawi wa baharini anayetaka sauti yake ili ampe miguu. Ursula amekwisha kumwimbia kwamba huko juu wanaume hawapendi mwanamke msemaji. Kalamu iko mkononi. Simamisha hapo. "Anataka kulipa nini?" Mtoto atasema sauti. "Angeweza kulipa kitu gani kingine?" Akikujibu nywele, au samaki, au lulu, pokea. Akikujibu "lazima sauti, kwa sababu anampenda", usimsahihishe, muulize tu, "Sasa akifika atamwambiaje jina lake?" Halafu bonyeza iendelee. Dakika moja haikuisha, na swali lile atakaa nalo muda wote nguva anapohangaika kwa ishara za mikono. Kazi imefanywa na filamu yenyewe, wewe umempa tundu la kuchungulia.

Mahali pengine pazuri pa kusimamisha ni kabla ya busu la kumwamsha aliyelala. Hapo kwa umri wa miaka mitano huhitaji somo la mapenzi. "Huyu amelala. Anaweza kusema ndiyo au hapana?" Hawezi. "Angeamshwa kwa njia gani nyingine?" Watoto wana majibu bora kuliko watunzi: maji, kengele, kutekenywa nyayo. Unaweza pia kumwambia kwamba katika ngano ya Snow White waliyoiandika ndugu wa Grimm, wale Wajerumani wawili waliokusanya ngano, hakuna busu kabisa. Wabebaji wa jeneza wanajikwaa, linatikisika, kipande cha tufaha chenye sumu kinatoka kooni, msichana anaamka. Na yule binti mfalme wa ngano ya chura, kwa ndugu hao hao, hambusu chura wake, anamrusha ukutani. Watoto hucheka sana kwa hilo, na kicheko hicho kinafundisha kwamba hadithi hubadilishwa na watu, kwa hiyo hata yeye anaweza kuibadilisha.

Kuna sentensi moja nakuomba uikwepe: "Usiwe dhaifu kama yeye." Inaonekana ya kumjenga, lakini anachosikia mtoto ni kwamba upole, nguo ya waridi na kulia ni vitu vya kudharauliwa, na vyote hivyo anajua vinaitwa vya kike. Kaka yake aliye mlangoni anasikia vizuri zaidi. Cinderella anavumilia nyumba ya mateso bila kuwa mkatili, na hiyo ni nguvu. Kasoro ni kwamba hapewi nafasi ya kuamua njia ya kutoka. Tenganisha hayo mawili.

Kwenye zulia, usimlazimishe aamke. Ingia mchezoni kama mhusika wa tatu mwenye shida. "Binti mfalme, paa la kasri linavuja na mfalme amesafiri. Ndoo ziko wapi?" Mpe vitu: kamba, tochi, karatasi ya kuchora ramani. Mtoto hucheza kwa kufuata vifaa kuliko kwa kufuata mawaidha. Akiwa na taji na kioo atajitazama, akiwa na taji na tochi ataingia chini ya meza. Taji libaki kichwani, ukilivua umeanzisha vita vya bure. Mwanzoni ataamka kwa dakika mbili na kulala tena. Rudia siku nyingine kwa shida nyingine, na mpe kaka nafasi ya kulala na kuokolewa. Wavulana wengi huipenda wakishaona hawachekwi. Ukitaka kumsifu, sema alichofanya na kilichotokea: "Umeifunga kamba, daraja halikuanguka." Gauni nalo lisifiwe baada ya mchezo, si kabla.

Sasa bibi. Hapa ndipo ningetumia nguvu zangu nyingi, kwa kuwa dhana hii inamuumiza mtu aliye hai. Ukiitazama safu yako ya nne utakuta mtindo: mwanamke kijana ni mwema na hana mamlaka, mwanamke mwenye mamlaka ni mtu mzima, ana nyusi kali, nguo nyeusi au zambarau, na mwisho wake ni kuanguka jabalini au kuchomwa kwa kitu chenye ncha. Malkia wa Snow White ni mrembo, lakini akitaka kutenda uovu anajigeuza kikongwe mwenye pua ndefu na chunjua. Mtoto anajumlisha: chunjua, mkongojo, uovu. Mama wa kambo naye kaingizwa kazini kwa makusudi. Katika toleo la kwanza la ndugu wa Grimm, mwaka 1812, anayemtesa Snow White ni mama yake mzazi. Wakambadilisha kuwa wa kambo katika toleo la 1819. Waliona mama mzazi hafai kuwa hivyo, wakamtwika mzigo mwanamke mwingine.

Usimlazimishe binti amwombe bibi radhi mbele ya watu, aliuliza, hakutukana. Kaa naye na karatasi na kalamu za rangi. Mwambie achore mchawi. Atachora unachojua. Mwambie achore mwingine ambaye ni kijana na ana meno meupe, lakini ana roho mbaya. Atakwama kidogo, na pale anapokwama ndipo pa kukaa: "Tutamjuaje kama ni mbaya?" Mwongoze kwenye matendo, yaani anaiba, anadanganya, anafungia watu. Halafu achore kikongwe mwenye chunjua anayejua njia ya kutoka msituni. Picha hiyo ya tatu apewe bibi. Bibi mwenyewe, kama anaridhia, amsimulie ngano ambayo mzee ndiye mwenye ufunguo, na ashike mkongojo wake akisimulia. Muulize bibi kwanza, faraghani. Kicheko chake hakimaanishi kwamba hakuumia.

Kuhusu kaka, usimwache atoke. Coyne na wenzake waliwafuatilia watoto 307 kutoka chekechea mpaka karibu na miaka 11, wakachapisha mwaka 2021. Safari hii, waliopenda sana mabinti wa mfalme utotoni hawakuonekana kushika zaidi dhana za kike. Badala yake walishika kidogo zaidi zile fikra za ubabe wa kiume na waliridhika zaidi na miili yao, wavulana kwa wasichana. Mwambie awe mhesabu vijistari. Katika miaka minane wanapenda kukamata makosa, na kazi ya kupata nani kasema mara ngapi inampa sababu ya kubaki sebuleni bila kuona aibu.

Mwili nao nisiupite. Mwaka 2010 Sharon Hayes na Stacey Tantleff-Dunn waliwachunguza wasichana 121 wa miaka mitatu hadi sita. Karibu nusu walikuwa na hofu ya kunenepa, lakini kuonyeshwa vipande vya filamu vinavyosifia urembo hakukuongeza hofu hiyo papo hapo. Watoto wadogo huwa wanaingia ndani ya mhusika badala ya kujilinganisha naye. Kulinganisha huja baadaye, kwa hiyo mzoeze jicho mapema: simamisha uso wa Anna wa Frozen, pima jicho lake kwa penseli, kisha pima kifundo chake cha mkono. Jicho linakishinda kifundo. Mpimeni na yeye mwenyewe, mcheke. Akianza kukataa chakula au kujisema vibaya mwili wake kila mara, hapo zungumza na daktari, si na shangazi.

Vinyago na nguo: pima kama ulivyopima filamu, maana mara nyingine havilingani. Mwaka 2013 Disney ilimtoa Merida, shujaa wa Brave, kwa picha mpya, kiuno chembamba zaidi, mabega wazi, upinde wake haupo, na Brenda Chapman aliyemtunga akapinga hadharani. Gauni la kununua liwe fupi asijikwae na liwe na mifuko. Mtoto mwenye mifuko huokota vitu.

Marufuku hapana, umeshaona inachozaa. Punguza marudio kutoka mara nne hadi mbili, siku zijulikane, na pengo lijazwe na ngano ile ile kwa mdomo au kitabuni, yenye mwisho tofauti.

Na baba yao usimbishie. Mpe karatasi, mpe kalamu, mwambie ahesabu dakika kumi za mwisho za filamu ambayo binti anaipenda. Wewe kaa jikoni mpaka amalize.

Shangazi